Bili ya mzigo wa serikali ikigoma kulipwa: hatua za kufuata ukiwa Arusha au Moshi

Mwongozo huu ni wa mwenye Fuso, semi au kampuni ndogo ya usafirishaji aliyebeba mzigo wa taasisi ya umma, akapeleka ankara yake, kisha akaambiwa "bili yako ina shida". Nimeuandika nikimfikiria pia afisa ugavi na mhasibu walioko ndani ya ofisi, kwa sababu mara nyingi nao wanataka kulipa ila hawajui walipe kwa karatasi gani.

Jambo moja likuelee kabla hatujaanza. Anayeshika fedha ya serikali hawezi kukulipa kwa sababu tu anakuamini. Malipo yake yatapitiwa na mkaguzi wa ndani, halafu watakuja watu wa CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), na kitu kilicholipwa bila kielelezo kitaandikiwa hoja yeye akiwa ndiye wa kujibu. Kwa hiyo kazi yako kwenye mgogoro wa aina hii ni kumpa karatasi ambayo ataweza kumwonyesha mkaguzi bila kutetemeka. Kupiga kelele kaunta, kutafuta mtu wa kukupigia simu au kwenda na mheshimiwa diwani hakumpi karatasi hiyo. Nimeona madai halali kabisa yakikaa miaka kwa kukosa sahihi moja ya mtunza stoo, na nimeona madai makubwa yakilipwa ndani ya wiki chache kwa sababu kila shilingi ilikuwa na ushahidi wake.

Hatua ya kwanza: jua mnabishania nini

"Bili ina shida" si jibu. Muulize mhasibu kwa heshima ni mstari upi wa ankara unaomsumbua, na kwa nini. Mwombe aandike, hata kwa kalamu ya risasi pembeni ya nakala yako. Usiondoke na jibu la jumla, maana utarudi nyumbani ukajiandae kujibu swali ambalo halikuulizwa.

Ubishi mwingi wa mizigo ya huku kwetu unaangukia sehemu chache.

Kuna idadi na uzito: wewe unasema ulishusha mifuko 600, wao kwenye daftari wana 588. Hapa ndipo tiketi ya mizani inapokuwa rafiki yako. Gari lililopita Himo au Makuyuni likapimwa lina karatasi yenye tarehe, saa, namba ya gari na uzito. Madereva wengi wanaitupa wakishavuka. Mwambie wako aitunze kama leseni, kwa sababu inathibitisha mambo mawili kwa mpigo: gari lilikuwa na uzito gani, na lilikuwa wapi saa ngapi.

Kuna kusubirishwa, yaani gari kulala kwenye stoo bila kushushwa. Hii ndiyo inayoleta maneno mengi kuliko zote, nitairudia kwa hesabu hapo chini.

Kuna njia na umbali. Ukibeba kwa kilomita, mnatakiwa kukubaliana gari linapita wapi. Mzigo wa kutoka Dodoma kuja Arusha bado unakuta mtu ameukadiria kwa kuzunguka Morogoro, Chalinze, Segera hadi Moshi, wakati barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa Aprili 2018, na kutoka Babati unateremka kwa lami hadi Makuyuni na Arusha. Tofauti ya njia hizo mbili ni mamia ya kilomita. Mkaguzi akifungua ramani atauliza kwa nini serikali ililipia mzunguko, na swali lake ni la haki. Kama ulizunguka kwa sababu daraja lilikatika au barabara ilifungwa, uwe na kitu cha kuonyesha: tangazo la TANROADS (wakala wa barabara), au ujumbe uliomwandikia afisa ugavi siku hiyo hiyo naye akakujibu.

Kuna kodi. Bei uliyoandika kwenye zabuni ilikuwa na VAT ndani au nje? Kama hukusema, wao watasoma kwamba imo ndani, na asilimia 18 itakatwa kwenye mfuko wako. Kodi ya zuio nayo huwashtua wengi. Mtu anaona hela iliyoingia benki ni pungufu, anaanza kulalamika kwamba amedhulumiwa, kumbe kilichopungua ni kodi iliyopelekwa TRA kwa jina lake.

Kuna kazi ya nyongeza: kubeba makuli mwenyewe, kupeleka mzigo kituo cha pili ambacho hakikuandikwa, kurudisha bidhaa zilizokataliwa. Na kuna adhabu ya mizani. Chini ya sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, gari na mzigo wake havitakiwi kuzidi tani 56, na ule uvumilivu wa asilimia 5 uko kwenye ekseli tu, hauko kwenye uzito wa jumla. Barabarani adhabu inamwangukia mwenye gari. Usitarajie taasisi ikurudishie kirahisi, isipokuwa wao ndio waliopakia, wakafunga lakiri, na wakakuandikia uzito usio wa kweli kwenye hati.

La mwisho si mgogoro kabisa, ingawa linafanana nao: kifungu cha bajeti hakina fedha. Hakuna anayekataa bili yako, ila hela haijaletwa. Ukilijua hili mapema hutapoteza nguvu kubishana na mtu ambaye tayari anakubaliana nawe. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mwaka wa fedha hapo chini.

Hatua ya pili: kusanya karatasi zote mezani

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye biashara ya magari ya mizigo msemo huo unaishi kila siku. Weka kwenye faili moja mkataba au LPO (hati ya taasisi ya kuagiza kazi), barua ya kukubaliwa zabuni, hati ya mzigo iliyosainiwa ulikopakia, hati ya makabidhiano iliyosainiwa ulikoshushia (ile madereva wanaiita delivari), tiketi za mizani, ankara, na mawasiliano yote ya simu yaliyoandikwa. Ujumbe wa WhatsApp unafaa kuwa ushahidi, lakini uchapishe ukionyesha namba na tarehe. Usisubiri simu iibwe.

Hati ya makabidhiano inahitaji macho ya pekee. Iangalie kama vile mkaguzi atakavyoiangalia. Je, ina jina kamili la aliyepokea, cheo chake, sahihi na muhuri? Imeandikwa idadi iliyopokelewa kwa tarakimu na kwa maneno? Je, kuna saa ya gari kufika na saa ya kumaliza kushusha? Hizo saa mbili zinasahaulika karibu kila mara, na bila hizo dai la kusubirishwa halina miguu. Kama mzigo una upungufu au mifuko imepasuka, iandikwe hapo hapo: imepasuka mingapi, haikuonekana mingapi. Mfuko uliopasuka umefika, mfuko ambao haupo haujafika, na hesabu zake si sawa.

Kama mtunza stoo hakuandika saa ya kufika, usikate tamaa. Rejista ya getini ya mlinzi ina saa. Risiti ya mafuta ya kituo cha karibu ina saa. Kifaa cha GPS kwenye gari kina saa. Andika barua fupi kuomba nakala ya ukurasa wa rejista ya getini wa siku hiyo, na ufanye hivyo kabla daftari halijajaa likatupwa stoo.

Ukigundua karatasi muhimu haipo, sema ukweli kwamba haipo. Usithubutu kuitengeneza leo ukaiandika tarehe ya mwezi uliopita, hata kama kilichoandikwa ni kweli tupu. Karatasi moja ya kughushi inaua faili zima, na inaweza kukutoa kwenye suala la deni ikakuingiza kwenye suala la jinai.

Hatua ya tatu: soma mkataba kama mtu asiyekupenda

Ununuzi wa umma sasa unafanywa chini ya sheria ya mwaka 2023 na kanuni za mwaka 2024, na zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni. Ingia kwenye akaunti yako upakue mkataba wenyewe uliosainiwa, usitegemee kumbukumbu. Tafuta vipengele vinne: unalipwa kwa kipimo gani (tani, safari, kilomita au gari zima), siku ngapi baada ya ankara wanatakiwa kulipa, kusubiri kunahesabiwaje, na mgogoro unatatuliwaje. Ukiona kifungu cha riba kwa malipo yaliyochelewa, kiwekee alama.

Kama uliomba nyongeza kwa sababu mafuta yalipanda, kifungu cha marekebisho ya bei ndicho kitakachoamua. Kikiwepo, kazi ni rahisi, maana EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, kwa kila mji, Arusha na Moshi zikiwa na bei zake. Ambatisha tangazo la mwezi wa zabuni na la mwezi wa safari. Kifungu kisipokuwepo, bei uliyoiweka ndiyo hiyo hiyo, na hasara ya mafuta ni yako. Inauma, lakini ndivyo mkataba ulivyo.

Vipi kama hakuna mkataba wala LPO, ulipigiwa simu tu: "leta gari, karatasi tutamalizia"? Hii ipo, hasa kwenye mambo ya dharura na kwenye ujenzi wa shule. Hapo uko kwenye hali ngumu, ila hujapotea. Sheria ya Mikataba inamtambua mtu aliyefanya kazi bila kukusudia kuitoa bure, na mwenzake akafaidika nayo. Utahitaji kuthibitisha nani alikuagiza, kwamba mzigo ulipokelewa, na kwamba bei unayodai ndiyo bei ya kawaida ya njia hiyo. Kwa safari zijazo, gari lisiwashwe bila LPO. Nalisema hili kwa kusisitiza kwa sababu wanaoumia zaidi ni wenye gari moja, ambao mkopo wa benki hauwasubiri.

Maagizo ya mdomo yana tatizo hilo hilo. Mtunza stoo akimwambia dereva "peleka hii nusu kule kata nyingine", yeye hana mamlaka ya kubadilisha mkataba. Dereva apige simu kwako, wewe umwandikie afisa ugavi ujumbe, usubiri jibu, ndipo gari liondoke. Dakika ishirini za kusubiri jibu zinaokoa miezi ya kubishana.

Hatua ya nne: piga hesabu upya, mstari kwa mstari

Tuchukue mfano wa kutunga. Umebeba saruji mifuko 600 ya kilo 50, yaani tani 30, kutoka Tanga hadi shule inayojengwa wilayani Longido. Bei ni shilingi 95,000 kwa tani. Gari limefika Alhamisi saa tisa alasiri, limeshushwa likamalizika Jumatatu saa sita mchana. Mkataba unatoa saa 24 za bure, baada ya hapo ni shilingi 200,000 kwa siku. Ankara yako, bila VAT, inasema usafirishaji 2,850,000, kusubiri siku tatu 600,000, jumla 3,450,000. Wao wanasema mifuko iliyopokelewa ni 588, na kusubiri hawakutambui.

Anza na mifuko. Pungufu ni 12, sawa na kilo 600. Usafirishaji wa kilo 600 ni shilingi 57,000. Hicho ndicho kiasi kinachobishaniwa kwenye nauli, hakizidi hapo. Thamani ya saruji iliyopotea ni dai lingine, lina bei yake na huenda lina bima yake, na wasilichanganye na nauli yako kwa kuzuia bili nzima. Waombe wakuandikie dai hilo peke yake.

Sasa kusubiri. Saa 24 za bure ziliisha Ijumaa saa tisa alasiri. Kutoka hapo hadi Jumatatu saa sita mchana ni saa 69. Kama mkataba unasema "siku au sehemu ya siku", hizo ni siku tatu, 600,000. Mkataba ukisema "siku kamili", ni mbili tu, 400,000. Ukisema "siku za kazi", Jumamosi na Jumapili zinatoka, zinabaki saa 21: hapo ni 200,000 kama sehemu ya siku inahesabiwa, au sifuri kama haihesabiwi. Gari ni lile lile, dereva alilala pale pale, lakini majibu ni manne kutegemea maneno mawili ya mkataba. Ndiyo maana nasema hesabu ifanyike na mkataba ukiwa umefunguliwa mbele yako.

Ukimaliza, gawa ankara mafungu mawili. Lisilo na ubishi: tani 29.4 mara 95,000, sawa na 2,793,000. Lenye ubishi: 57,000 na 600,000, jumla 657,000. Mgawanyo huu ndio utakaokusaidia kuliko hoja nyingine yoyote utakayoitoa, kwa sababu unampa mhasibu kitu anachoweza kulipa leo.

Hatua ya tano: ongea kabla ya kuandika

Anza chini. Mtunza stoo au kamati ya mapokezi ndio waliouona mzigo, afisa ugavi ndiye mwenye mkataba, mhasibu ndiye mwenye malipo. Ukimruka mtunza stoo ukaenda kwa mkurugenzi, faili litarudishwa kwa mtunza stoo yule yule, safari hii akiwa amekasirika. Mwamkie, kaa, onyesha mgawanyo wako, uliza wanahitaji kielelezo gani kufunga mstari uliobaki. Kama wana mkaguzi wa ndani, omba apitie vielelezo mapema. Watu wanamwogopa bure. Akishasema karatasi zinatosha, mhasibu anapumua.

Mkikubaliana, mwombe afisa ugavi aandike muhtasari wa kikao msaini wote. Usipoandikwa, yeye akihamishwa kituo kesho, nawe unaanza upya na mgeni.

Ikitokea mtu akakuambia bili itapita "ukijiongeza", usijiongeze. Namba ya TAKUKURU ni 113, kupiga ni bure, na wana ofisi mikoa yote miwili. Zaidi ya ubaya wenyewe, rushwa haikuachii karatasi. Mkaguzi akija, utakuwa umelipia kitu ambacho hakiwezi kukutetea.

Hatua ya sita: barua kwa afisa masuuli

Mazungumzo yakigonga mwamba, andika rasmi. Barua inakwenda kwa afisa masuuli, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi: kwa halmashauri ni mkurugenzi, kwa sekretarieti ya mkoa ni Katibu Tawala wa Mkoa, kwa wakala ni mtendaji mkuu, kwa wizara ni Katibu Mkuu. Mhasibu na mkuu wa kitengo cha ununuzi wapate nakala. Peleka masjala mwenyewe, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo ndio saa ya ukutani ya mgogoro wako kuanzia siku hiyo.

Barua iwe fupi. Mfano wake ni huu:

"Yah: Dai la gharama za usafirishaji wa saruji, LPO namba (andika), ankara namba (andika) ya tarehe (andika).

Tafadhali rejea mada tajwa hapo juu.

Tulisafirisha mifuko 600 ya saruji kutoka Tanga hadi (shule), mzigo ukapokelewa tarehe (andika). Ankara yetu ni shilingi 3,450,000 bila VAT. Ofisi yako imetujulisha kuwa haikubaliani na mistari miwili.

Kwanza, mifuko 12 yenye nauli ya shilingi 57,000. Tumeambatisha hati ya kupakia, tiketi ya mizani na hati ya makabidhiano.

Pili, gharama ya kusubiri shilingi 600,000. Gari lilifika Alhamisi saa tisa alasiri na kumaliza kushusha Jumatatu saa sita mchana, kama inavyoonekana kwenye rejista ya getini iliyoambatishwa. Hesabu imefanywa kwa kufuata kifungu namba (andika) cha mkataba.

Tunaomba shilingi 2,793,000 zisizo na ubishi, pamoja na VAT yake, zilipwe wakati mistari hiyo miwili ikishughulikiwa, na tupatiwe majibu kwa maandishi ndani ya siku 14."

Inatosha. Usiandike umeumia kiasi gani, watoto wamefukuzwa shule au benki inatishia kuchukua gari. Najua mara nyingi ni kweli, na inasikitisha, lakini afisa masuuli hana kifungu cha kulipia huzuni. Siku 14 nilizoweka ni za heshima tu. Kama mkataba wako una muda wake wa kujibu, tumia ule wa mkataba.

Kuhusu VAT na risiti

Hapa wasafirishaji wadogo wanapoteza hela kimyakimya. VAT inadaiwa kuanzia linapotangulia mojawapo kati ya kutoa huduma, kutoa ankara au kupokea malipo, na ritani inawasilishwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Maana yake, huduma umeshaitoa na ankara umeshaiandika, kodi yake unaidaiwa hata kama serikali haijakulipa. Kwenye mfano wetu, VAT ya sehemu yenye ubishi pekee ni shilingi 118,260, nayo inatoka mfukoni mwako wakati nyinyi bado mnabishana. Ndiyo sababu nyingine ya kuuharakisha mgogoro, hata kwa kuachia mstari mdogo usio na ushahidi. Mkishakubaliana kiasi cha chini, toa krediti noti (hati ya kupunguza ankara) ya tofauti ili kodi uliyoizidisha irekebishwe. Muone mhasibu wako au ofisi ya TRA ya mkoa kabla hujagusa mashine ya EFD, maana risiti ikishatoka ni kazi kuirudisha.

Juni 30 na habari ya madeni

Mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 Juni. Dai lililoingia Mei likiwa na ubishi lina hatari ya kuvuka mwaka, na likivuka linageuka kuwa deni linalohitaji kuhakikiwa kabla ya kutengewa fedha. Kwa hiyo safari za Aprili na Mei, wakati masika yamekolea na magari yanalala njiani, ziandikiwe ankara wiki hiyo hiyo. Likishavuka, omba barua ya taasisi inayolitambua deni lako kwa kiasi na namba ya ankara, na hakikisha jina lako limo kwenye orodha ya madeni wanayoyapeleka juu. Timu ya uhakiki ikipita, itataka kuona karatasi zile zile za hatua ya pili. Anayezikuta kwenye faili moja hana la kuogopa.

Ikishindikana kabisa

Rudi kwenye kifungu cha migogoro. Mikataba mingi ya umma inaanza na majadiliano, kisha mtu wa tatu wa kuamua, kisha usuluhishi chini ya Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020. Ukiruka ngazi, utaambiwa urudi. Watu wengi hukimbilia Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, lakini kazi yake ni malalamiko ya mchakato wa zabuni. Ubishi wa bili ya mkataba uliokwisha kusainiwa si wa kwake.

Mahakamani kuna masharti ambayo ukiyakosea kesi inatupwa bila hata kusikilizwa. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka utoe notisi ya siku 90 ukieleza msingi wa dai lako, na nakala imfikie Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, masharti hayo yanahusu pia halmashauri, wakala na mashirika ya umma, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye shauri, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Kwa bahati nzuri Mahakama Kuu ina kanda Arusha na Moshi, huna haja ya kwenda Dar es Salaam. Ukomo wa dai la mkataba ni miaka sita. Isikudanganye kwamba una muda mwingi: mtunza stoo atastaafu, rejista ya getini itatupwa, na tiketi ya mizani itafifia wino.

Kuwa mkweli na hesabu pia. Kwa 657,000 za mfano wetu sikushauri kwenda Mahakama Kuu, kwa sababu wakili na nauli vitaimeza. Kwa mkataba wa safari arobaini zenye ubishi ule ule, unganisha madai yote, tafuta wakili mapema, na notisi iandikwe na yeye.

Kwa afisa ugavi na mhasibu

Nanyi mna haki ya kudai. Ikigundulika mmemlipa msafirishaji zaidi, kwa kilomita zisizokuwepo au tani ambazo hazikufika, mwandikieni mkionyesha hesabu, na mmpe nafasi ya kujibu kabla ya kukata kwenye bili yake nyingine. Kukata kimyakimya kunazaa mgogoro wa pili juu ya wa kwanza. Akikubali kurudisha, atengenezewe namba ya malipo ya serikali alipe huko. Hela isipite mkononi mwa mtu.

Na pale mnapokataa mstari wa ankara, kataeni kwa maandishi, kwa sababu moja iliyo wazi, ndani ya siku chache. Msafirishaji aliyejibiwa "hapana, kwa sababu kifungu hiki" anaondoka akijua la kufanya. Aliyeambiwa "njoo wiki ijayo" miezi mitatu mfululizo, mwisho hatawawekea bei kwenye zabuni ijayo, au ataweka bei iliyobeba ndani yake gharama ya kuwasubiri. Bei hiyo italipwa na shule na zahanati.

Hela ikishaingia

Linganisha kilichoingia benki na mlichokubaliana. Tofauti ikiwa ni kodi ya zuio, dai cheti chake siku hiyo hiyo, kwa sababu bila cheti hutaweza kuitoa kwenye kodi yako ya mapato ya mwaka. Toa krediti noti kama kuna mstari uliouachia. Kisha andika barua ya mistari miwili kwamba ankara namba fulani imefungwa na huna dai lingine juu yake, ipelekwe masjala, nawe ubaki na nakala yenye muhuri.